Pampu Ijiendeshayo na Ndoo Tuliyoiondoa



Juma hili sitaanza kwa swali la msomaji kama ilivyo ada ya ukurasa huu, bali kwa kosa langu mwenyewe. Wahusika wameniruhusu nilieleze, na miongoni mwenu wamo wengi wenye visima, matangi na bustani nyuma ya nyumba. Huenda likawafaa kabla halijawafika.

Septemba iliyopita nilikuwa mgeni wa mwanangu na mumewe huko Ndithini, wadi iliyomo katika eneo bunge la Masinga, kaunti ya Machakos. Kwetu sisi tuliolelewa kwa sauti ya mawimbi, hiyo ni safari ya kuyapa maji mgongo: gari moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi, basi hadi Thika, kisha barabara kuu iendayo Garissa, na mwisho njia ya vumbi jekundu. Mkwe wangu ni mwalimu wa shule. Mwanangu ana watoto watatu na bustani ya sukuma wiki, nyanya, mchicha na vitunguu, inayowalisha wao na kubakisha kidogo cha kuuza.

Nchi ile haikukosa maji kabisa. Mto Thika haupo mbali, na toka mto huo umetolewa Mfereji wa Yatta, uliochimbwa katika miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa enzi ya Hali ya Hatari. Chini zaidi, kwenye Mto Tana, kuna bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Lakini maji ya mtoni si maji ya nyumbani. Mwenye nyumba mbali na mfereji hutegemea mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani huaminika kuliko zile za masika; na zikikoma, hutegemea kisima.

Kisima cha mwanangu kilichimbwa kwa sururu na mwenye kiwanja wa awali. Kina chake ni mita 14, kina ukingo wa mawe, gogo, kamba na ndoo. Kila alfajiri mwanangu na binti yake mkubwa, mwenye miaka 12, walikuwa wakiteka mitungi 10 ya lita 20 kwa ajili ya bustani peke yake, mbali na ya kupikia na kufulia. Nilipomshika mjukuu wangu mkono kumsalimu, nikahisi kiganja kigumu kama cha mvuvi. Mama yake akaniambia kwamba mara nyingi mtoto hufika darasani somo la kwanza limeshaanza. Jioni ile nilimwambia mkwe wangu kwamba akiba niliyokuja nayo tuitie katika pampu.

Mimi si fundi wa kusomea. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa mwangalizi wa pampu ya msikiti wetu, nayo imenifunza mengi, hasa kwa kuharibika. Basi nieleze tulivyofanya, kwani kazi yenyewe si ngumu ikifuatwa kwa utaratibu.

Jambo la kwanza ni kukijua kisima kabla ya kununua chochote. Funga jiwe kwenye kamba, pima umbali kutoka ukingoni hadi kwenye maji, kisha hadi chini kabisa. Teka maji mengi kwa mkupuo, upime tena, na uangalie kisima huchukua muda gani kurudi kilipokuwa. Muda huo ndio ukweli wa kisima. Pampu iteuliwe iwe dhaifu kuliko kisima; ikiwa na nguvu kukishinda, utakuwa umenunua chombo cha kunyonya matope.

Tulichagua pampu ndogo ya kuzamishwa, inayoendeshwa na paneli za sola bila betri. Jua likiwaka hupandisha maji, jua likitua hulala. Tangi likijaa mchana, maji hupatikana usiku, kwa hiyo tangi ndilo betri yetu. Pampu huning'inizwa kwa kamba imara isiyooza, wala haibebwi na waya wake wa umeme, na huachwa kama mita moja juu ya sakafu ya kisima ili isivute tope. Tangi letu ni la lita 5,000, nalo limewekwa juu ya jukwaa la mawe lenye kimo cha mita 2. Msiikejeli kazi ya jukwaa: lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5, na jukwaa la mbao zilizolika ni mauti yanayosubiri mtoto apite chini yake.

Kinachoifanya pampu ijiendeshe ni vitu viwili vidogo. Ndani ya tangi huwekwa boya lenye swichi: maji yakifika juu, boya huinuka na kuisimamisha pampu, yakishuka, boya huanguka na kuiamsha. Ndani ya kisima huwekwa kihisio kinachoizima pampu maji yakipungua mno, kwani pampu iendeshwayo bila maji huungua. Vyote viwili huungwa kwenye kidhibiti kinachokaa chini ya paneli, mahali pakavu, juu ya kimo cha mkono wa mtoto. Atumiaye umeme wa laini ajue kwamba boya halifai kubebeshwa nguvu yote ya mota. Boya liamrishe kontakta, na kontakta ndiyo iwashe mota. Kazi hiyo apewe fundi wa umeme mwenye leseni, na waya wa ardhini usiachwe. Maji na umeme havina msamaha.

Kutoka kwenye tangi maji hupita katika chujio, kisha kwenye koki yenye taima, halafu huingia mipira ya matone ambayo wakulima huiita dripu. Hapa wengi hupotea. Tangi lililoinuliwa mita 2 lina msukumo mdogo sana, na zipo koki za taima zisizofunguka ila kwa msukumo mkubwa. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama koki hiyo hufanya kazi kwa maji yashukayo yenyewe tu. Zile zenye gololi inayozungushwa na mota ndogo ndizo zinazofaa. Chujio lioshwe kila juma, na miisho ya mipira ifunguliwe mara kwa mara ili uchafu utoke, la sivyo vitundu huziba na miche ya mwisho wa mstari hukauka kimyakimya.

Kazi ilituchukua siku nne. Siku ya tano alfajiri tukasimama bustanini baada ya sala, koki ikafunguka yenyewe, na matone yakaanza kudondoka kwenye shina la kila mche. Mjukuu wangu alicheka hadi akakaa chini. Siku hiyo alifika shuleni kabla ya kengele.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Tulipomaliza, mimi ndiye niliyetoa shauri kwamba mdomo wa kisima ufunikwe kwa zege, lipite bomba na waya tu. Hoja yangu ilikuwa njema: mtoto asitumbukie, mjusi asiingie, vumbi lisichafue maji. Ndoo na kamba tukaviweka ghalani. Kadhalika mimi ndiye niliyetega taima: saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Mwanangu aliniuliza kama si nyingi. Nikamjibu kwamba jua ni la Mwenyezi Mungu, halina bili.

Siku ya tatu baada ya hapo mwanangu alimwona bibi mmoja jirani, mjane mzee aishiye peke yake, amesimama kando ya kisima na mtungi wake wa manjano. Alisimama kidogo, akakitazama kifuniko, kisha akaondoka. Mwanangu alidhani amekuja kusalimu akaona wenyeji wana kazi. Siku ya nane pampu ilianza kujizima adhuhuri. Tulipopima kwa jiwe na kamba kupitia tundu la bomba, maji yalikuwa yameshuka mita 2 tangu siku tuliyofunga pampu.

Usiku ule nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo ilinipasa kuifanya mwanzo. Mipira yetu ina vitundu 300, kila kimoja hutoa lita 1 kwa saa. Saa mbili kwa siku ni lita 600. Binti na mama yake, kwa jasho lao lote, walikuwa wakiipa bustani ile ile lita 200, na sukuma wiki ikastawi. Basi tulikuwa tukimwaga mara tatu ya haja, msimu wa kiangazi, kutoka kisima kisichoweza kurudisha kiasi hicho. Hakuna aliyetaka kufanya israfu. Ila mkono ulipokuwa ukivuta kamba, mkono ndio uliokuwa mizani: ulichoka, ukasema yatosha. Pampu haichoki. Tulipouondoa mkono tuliiondoa na mizani, wala hatukuweka nyingine mahali pake.

Imepokewa kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alimpitia Saad akitawadha, akamkanya asifanye israfu ya maji, na akambainishia kwamba israfu imo hata kwa aliye kando ya mto unaotiririka. Mafunzo haya nimeyasomesha watoto wa madrasa kwa zaidi ya miaka 25. Na kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nasema jua halina bili.

Asubuhi yake tukamkumbuka yule bibi. Tukaenda kwake, mimi na mkwe wangu. Akatupokea vizuri, akatukalisha. Tukajua kwamba tangu enzi za mwenye kiwanja wa awali alikuwa akiteka mitungi miwili kila siku ya pili, na mara nyingi mjukuu wangu ndiye aliyemvutia kamba. Tangu tulipofunika kisima amekuwa akienda kwenye korongo la mchanga, nusu saa kwa mguu, akifukua kwa kibuyu.

Nilimuuliza kwa nini hakupiga hodi. Akasema, “Sheikh, niliona mmefunga. Nikajua mna sababu.”

Tulipokuwa tukirudi mkwe wangu alisema kwa uchungu, “Baba, mimi sikumkataza.”

Nikamwambia, “Hukumkataza, mwanangu. Wala mimi sikumkataza. Kifuniko ndicho kilichomkataza, na kifuniko ni amri yangu.”

Bibi yule si Mwislamu. Ni mtu wa kanisa. Nalitaja hilo ili asitokee wa kuuliza. Haki ya jirani katika maji haina mlango wa dini.

Ndugu zangu, mafaqihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafii walilitafiti suala hili kwa undani. Mwenye kisima hujitosheleza kwanza, yeye na wanaomtegemea. Yanayozidi haja yake humlazimu kuyatoa kwa kinywa cha binadamu na mnyama, bila malipo, kwa masharti yaliyofafanuliwa vitabuni. Ama maji yaliyokwisha kutekwa na kutiwa chomboni, hayo ni mali ya aliyeyateka, kama maziwa yaliyomo kibuyuni mwake. Zamani tofauti hiyo ilionekana kwa macho: chombo ni ndoo, na kisima kilibaki na mengi. Leo tazameni pampu ijiendeshayo inafanya nini. Mchana kutwa inayahamisha maji kutoka kisimani, ambako ziada ina haki ya watu, na kuyatia tangini, ambako mwenye tangi atasema ni mali yake. Hakuna aliyekusudia kumnyima mtu. Lakini ikifika jioni, ziada haipo tena, imekwisha kuwa mali. Mwenye pampu anahitaji kujihesabu zaidi kuliko mwenye kamba.

Dawa nimeipata Oman, ingawa sikuijua kuwa ni dawa nilipoiona. Wengi wenu mna jamaa huko. Miaka iliyopita nilipowazuru wangu Nizwa walinipeleka kuuona Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Maji ya falaj hugawanywa kwa zamu za muda. Kwa desturi mchana walipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota, na kila mwenye shamba alijua zamu yake inaanza na kuisha wapi. Hiyo ndiyo taima ya wazee. Lakini jambo kubwa zaidi ni mpango wa njia yenyewe: maji yakitokeza juu ya ardhi, kwanza hupita mahali pa kuteka ya kunywa, huru kwa kila mtu, kisha huenda msikitini na kwenye kuogea, ndipo mwisho huingia mashambani. Hawakuutegemea ukarimu wa mtu wa siku ile. Utangulizi wa kinywa juu ya shamba waliujenga katika mawe.

Nasi tukaujenga katika tangi. Tangi letu lilikuwa na tundu moja tu, chini, linaloelekea bustanini. Tulitoboa jingine kwenye theluthi ya kimo chake, tukalihamishia bomba la bustani huko. Tundu la chini tukaliunganisha na bomba la nyumba na koki moja iliyo nje ya ua, upande wa njia. Kwa hiyo maji yakipungua, bustani ndiyo hukatikiwa kwanza, na theluthi ya mwisho, takriban lita 1,600, hubaki kwa vinywa vya watu tu. Gharama yake ilikuwa kipande cha paipu na koki. Ningependa kila mwenye tangi miongoni mwenu aangalie tundu la bustani yake liko wapi na tundu la watu liko wapi.

Taima tuliipunguza ikawa dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni, ndiyo lita 200 zile zile. Bomba la kumwagia ziada, iwapo boya litakwama, tulilielekeza kwenye shina la mwembe. Na kwenye zege tulikata mlango mdogo wenye kufuli, ndoo na kamba vikarudi kando yake. Maana siku pampu itakapoharibika, nayo itaharibika, watu watataka maji kabla fundi hajafika. Maji ya kisimani yalianza kupanda tena baada ya siku chache.

Limebaki suala la zaka, ambalo mkwe wangu aliniuliza na ambalo naona litaulizwa sana kadiri pampu hizi zinavyoenea. Nafaka iliyooteshwa na mvua au chemchemi hutolewa sehemu moja katika kumi. Iliyonyweshwa kwa taabu na gharama hutolewa sehemu moja katika ishirini. Iliyoshirikiana mvua na unyweshaji kwa usawa hutolewa robo tatu ya moja ya kumi, yaani asilimia 7.5. Je, pampu ya jua, ambayo mwenyewe amelala nayo inanywesha, ni kama mvua? La. Taabu imepungua, lakini gharama ya kuyapandisha maji ipo, naye ameilipa. Hukumu yake ni ya yule aliyetekewa maji na mnyama. Atatoa moja katika ishirini, mazao yakifika wasaki tano, ambazo hukadiriwa kuwa kama kilo 650. Hayo ni kwa vyakula vikuu vya kuhifadhika, mfano mahindi, kunde na mbaazi. Mboga kama sukuma wiki na nyanya hazina zaka ya mazao katika madhehebu yetu. Ila fedha zake zikihifadhiwa zikatimia kiwango na mwaka, zina zaka ya fedha.

Na wale wanaotaka kuchimba kisima kirefu cha mashine wasisahau kwamba, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, hutakiwa kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Msilione hilo kuwa usumbufu tu. Maji ya chini ya kiwanja chako hayajui mpaka, na jirani yako anakunywa kutoka humo humo.

Siku niliyoondoka Ndithini, gari la kunipeleka Thika lilipita mbele ya ile koki ya njiani. Bibi alikuwa pale na mtungi wake, na mjukuu wangu, aliyevaa sare ya shule, amemshikia mfuniko. Sikushuka, tulipungiana mikono.

Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi, na awatilie baraka katika maji yenu, visima na mifereji, yale mnayoyapandisha na yale mnayoyaacha. Juma lijalo, inshallah, nitarudi kwenye maswali yenu, na yamekuwa mengi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.